Verlin Osterhaus na Jumanne za Ligi ya Nyanda

Mchungaji, ndugu, majirani, na nyinyi wa Ligi ya Mabonde mliojibana viti vya nyuma mkidhani sijawaona, familia imenipa mimi Ardith, dada mkubwa wa marehemu, kazi ya kusoma maisha yake, wakanisihi nisitie chumvi, nami nimewaambia nitajitahidi.

Marehemu Verlin Osterhaus alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, shambani kwetu Pelling, Ohio, akiwa kitindamimba wa marehemu Emil na marehemu Hulda, asubuhi ya theluji iliyoanguka kimya hata tukasikia ng'ombe wa jirani wakipumua. Alisoma shule zote hapahapa Pelling, akaingia Chuo cha Tarlow mwaka 1962, akahitimu 1966, na huko alikuwa kwenye timu ya mpira wetu huu wa kofia ngumu, ingawa, tuseme ukweli, benchi ndilo lililomfahamu zaidi.

Alifundisha hesabu hadi 1979, akaajiriwa na Ligi ya Nyanda, ligi ya vyuo vidogo vinane, Tarlow kikiwemo, akawa mkuu wake mwaka 1988, ofisi ikiwa juu ya duka la misumari na rangi.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Maybelle Quist katika kanisa hilihili, na wa umri wangu mnakumbuka Maybelle alikuwa akicheza dansi na nani kabla ya hapo, ni Everett Quandt, yuleyule aliyekuja kuwa mkuu wa Ligi ya Mabonde, sasa kama ushindani wa ligi hizi ulianzia uwanjani au ukumbini, mimi sisemi. Walijaliwa watoto wawili, Roslyn na Curtis.

Marehemu alikuwa na ndoto moja. Kwenye mechi kuu za mwaka mpya, ligi ndogo zote zimeachiwa nafasi moja tu ya kugombania, na kila mwaka kamati ya kuchagua timu iliwapa Mabonde au wengine, kwetu haikufika, eti Nyanda hakuna aliyewahi kuwaona wakicheza. Jumamosi televisheni ni ya ligi kubwa, basi Verlin akachukua siku isiyotakiwa na mtu, na tarehe 9 Novemba 2004 tukacheza Jumanne usiku mbele ya kamera za televisheni, kwenye baridi ya kukata masikio.

Alisemwa sana. Mchungaji wa wakati ule alilalamika, "Verlin, Jumanne ni mazoezi ya kwaya!" naye akamjibu, "Njooni muimbie huko, mchungaji, angalau mtaonekana." Everett akapiga simu kumcheka, "Kaka, mnawachezea ng'ombe?" akaambiwa, "Ng'ombe wetu wana adabu kuliko mashabiki wako."

Lakini mlioketi pale mnajua, uwanja ulielea kwenye mwanga katikati ya mashamba yaliyovunwa, theluji ikashuka polepole ikafuta mistari yote, wachezaji wakawa vivuli, tarumbeta zikasikika kama zinatoka chini ya blanketi, na nchi nzima, kwa mara ya kwanza, ikatutazama.

Machi 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Limmerton, na vuli hiyohiyo Tarlow wakashinda mechi zote, timu iliyoongoza Mabonde nayo vilevile, na kamati ingetangaza aliyepata nafasi Jumapili tarehe 5 Desemba. Aliniambia, "Dada, niombee nifike Jumapili, nikifa Jumamosi Everett atasema nimekimbia."

Jumamosi timu ile ya Mabonde ikapoteza fainali ya ligi yao, na Everett akapiga simu wodini. "Verlin, nafasi ni yenu, mmetushinda." Marehemu akasema, "Paza sauti, sikio hili bovu." Akarudia. "Tena, Maybelle hajasikia." Akarudia mara ya tatu, kwa sauti iliyowafanya manesi wachungulie, na Verlin akafumba macho akitabasamu, simu ikiwa juu ya mto, Everett bado anasimulia habari za dansi za zamani, akatutoka hivyo, jioni ya tarehe 4.

Kesho yake kamati ikaitaja Tarlow, tukiwa kwa muuza majeneza, redio yake ikiwa wazi, na Maybelle akatuzuia tusiondoke hadi watangaze tena.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Limmerton, majirani mliotuletea viazi vya jibini hadi friji ikagoma kufungika, wafanyakazi wenzake wa Nyanda, na wewe Everett, uliyeendelea kuongea bila kujua ameshatutoka, usijilaumu, Verlin hakukata simu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kelele tuachie sisi.