Mutindi Kaloki na Mwaka wa Nne wa Basari

Na Gakenia Kiragu, Idara ya Hesabu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Mutindi Kaloki atarudisha funguo za ofisi yetu ya Kitui baada ya kuutumikia Mfuko wa Basari wa Utethyo kwa miaka ishirini na tisa. Tulidhani tunajua ofisi itakavyokuwa bila yeye. Kisha juzi akachukua likizo fupi, simu zikalia mfululizo, nasi tukagundua kwamba wazazi wengi hata hawajui jina la mfuko. Wanajua la Mutindi tu.

Mzaliwa huyu wa Tulia aliajiriwa kama karani wa kupokea maombi, akapanda hadi kuwa afisa wa wanafunzi wa kozi za afya, Kitui na Makueni. Kazi hiyo angeweza kuifanya akiwa ameketi. Yeye aliifanya kwa miguu, kwa sababu hakuamini ripoti yoyote mpaka amwone mwanafunzi kazini kwa macho yake. Ndivyo siku moja alivyoingia wodi ya wazazi kumtafuta mmoja wa wanafunzi wetu, muuguzi mkuu akamdhania ni nyanya wa mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, akampakatisha mtoto. Bi. Mutindi hakubisha. Alimkagua mwanafunzi wake huku akibembeleza mjukuu wa watu, na nyanya halisi alipofika alimkuta mtoto amelala fofofo, akakosa la kulalamikia.

Lakini tunataka akumbukwe hasa kwa jambo la Farhiya Adow. Farhiya ni binti ya Mzee Muktar Adow, mfanyabiashara wa mbuzi wa Kibwezi, na alikuwa akisomea stashahada ya uuguzi kwa basari yetu. Kanuni ya wakati huo ilikuwa fupi: basari ni ya miaka mitatu, kisha nafasi inaenda kwa mwingine. Katika mwaka wake wa tatu, hospitali alikokuwa akifanya mafunzo ya vitendo ikakumbwa na mgomo, na wodi ya wazazi ikafungwa kwa miezi kadhaa. Chuo hakingemruhusu kuufikia mtihani wa mwisho kabla hajazalisha akina mama chini ya usimamizi, kwa hiyo kozi ikasogezwa hadi mwaka wa nne. Mfuko haukusogea. Mbuzi wa baba yake walikuwa wameisha kwa ukame, na Farhiya alikuwa karibu kurudi nyumbani akiwa si muuguzi wala si mwanafunzi.

Bi. Mutindi aliomba nyongeza, kamati ikakataa. Akaomba tena, ikakataa kwa upole zaidi. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwangangi wa Kikima, si mtu mgumu. Aliona kwamba kumwongezea mmoja ni kumnyima mwingine anayengoja mlangoni, na hilo lilikuwa kweli. Kikao cha mwisho kabla ya chuo kufunguliwa kiliitishwa hapa Kitui, naye akatuma udhuru. Siku hiyo ilikuwa ya mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, na yeye ndiye kiongozi wao. Wiki iliyotangulia walikuwa wakichimba matuta ya fanya juu, ya kuzuia maji yasibebe udongo, kwenye shamba la mjane mmoja, mvua ikawafukuza kabla hawajamaliza.

Mtu mwingine angeahirisha kikao. Bi. Mutindi alikodi gari, akawapakia wanakamati wengine wawili pamoja na Farhiya, safari ikawa ya Kikima. Viatu alivyovaa havikuwa vya mteremko ule, akaufikia mwethya akiwa peku, viatu mkononi. Kikundi hakikusimamisha kazi kwa ajili ya wageni. Waliwapa majembe. Farhiya alifunga leso kiunoni akachimba na wenzake, na mwanakamati mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu anasoma jarida hili, aliumwa mgongo juma zima.

Wakati wa uji, Bi. Mutindi alimwuliza mwenyekiti kama zamu ya siku hiyo haikuwa ya nyumba nyingine. Mzee akajibu bila kufikiria: "Ilikuwa ya kwa Muindi. Lakini hii shamba hatujamaliza. Ukiacha tuta katikati, maji inaingia hapo na inabeba hata ile ulikuwa umechimba. Muindi atangoja, na anaelewa." Alipomaliza kusema alimtazama Farhiya, kisha akalitazama jembe lake kwa muda. Bi. Mutindi alimwongezea uji.

Kikao kilifanyika palepale kwenye nyasi, na Farhiya akapata mwaka wake. Baadaye kanuni yenyewe ilibadilishwa: basari ya kozi ya afya sasa inamfuata mwanafunzi mpaka amalize, mradi kuchelewa hakukutokana na uzembe wake. Wanaongoja huelezwa waziwazi kwa nini wanangoja, na wengi wameelewa kuliko tulivyohofia. Farhiya leo ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na akipiga simu ofisini humwita Bi. Mutindi "Mwaitu", mama, kwa Kikamba safi cha Kibwezi. Tunajivunia sana jambo hilo, na tunamshukuru aliyelifanya.

Mwezi uliopita kamati ilitaka kumwongezea mkataba wa mwaka mmoja. Mzee Mwangangi alikuja mwenyewe kutoka Kikima kumwomba. Bi. Mutindi alimshukuru, akamwambia: "Nyongeza ni ya mtu hajamaliza kozi, Mzee. Mimi nimemaliza."

Basi hatukuongezei hata siku moja, Mwaitu. Tunakuombea mvua ya kutosha huko Tulia, magoti yasiyouma na simu isiyolia. Ikilia, ni sisi.