Mama Nakala na Mifumo Miwili Ndani ya Kompyuta Moja

Kiwanda chetu cha kuchapa vitabu kimesimama juu ya nguzo tatu: umeme, karatasi na mimi, mkataji karatasi, ambaye kila mtu hapa ananiita Mjomba. Ndiyo maana kamati ya kuaga ilipotafuta mwandishi wa makala ya jarida letu haikuzunguka. Ninayeandika habari zake ni fundi wetu wa kompyuta, Mama Nakala, anayestaafu tarehe 30 mwezi huu wa Juni baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Katika miaka yote hiyo aliugua siku moja tu, na hata hiyo alikuja saa nne.

Aliingia kama mshonaji wa vitabu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa (niliipandisha ngazi peke yangu, kwa bega moja, na ilikuwa na uzito wa ng'ombe mwenye mimba) wanaume watatu wa chumba cha kupanga kurasa waliizunguka kama walioona nyoka. Yeye alitoa mkobani bisibisi ya cherehani, akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Ikawaka. Hakurudi tena kwenye sindano.

Miaka ikapita, kompyuta kumi na moja zikaanza kujikokota, uongozi ukataka kuzitupa. Aliomba wiki moja. Mfumo wa zamani uliokuwa ukiziendesha hakuufuta, maana programu ya kupanga kurasa ilikuwa humo. Aliweka kando yake mfumo wa pili, mwepesi na wa bure. Ukiwasha, kompyuta inakuuliza unautaka upi. Sisi tulidhani ni uchawi. Yeye alisema ni kupanga vyumba tu: mgeni mpe chumba, usimpe nyumba. Mimi nikaongeza kwamba ni kama wake wenza, hawagombani kila mmoja akiwa na mlango wake. Mke wangu alipopata habari, chakula cha siku ile nilijipakulia mwenyewe.

Basi kila mtu akataka na ya nyumbani kwake iwe hivyo. Mama Nakala akaandika karatasi moja, akaibandika juu ya birika la chai: weka nakala ya mafaili yako pembeni, upunguzie mfumo wa zamani nafasi, washa kompyuta kwa flashi yenye mfumo mpya, chagua kuweka kando, si kufuta, kisha tulia. Mlinzi wa getini alimaliza yake kabla chai haijapoa. Ila flashi hiyo hakumpa mtu mpaka alete nakala yake na kuifungua mbele yake, faili moja baada ya jingine. Ndipo jina likamganda.

Mimi nilimpelekea flashi ya nyimbo za dansi, nikasema ndiyo nakala. Aliichomeka, akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho akitikisa kichwa kufuata mdundo, akanirudishia.

"Mjomba, nakala usiyoifungua ni uvumi," alisema. "Rudi nyumbani."

Nikaazima flashi ya mfumo mpya kwa mlinzi, ambaye alikuwa hajairudisha. Nilitaka kumfurahisha mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu darasa la tatu. Kompyuta yetu ilikuwa nzito, akiandika neno leo linatokea kesho, na humo ndimo ilimokuwa tasnifu yake: kurasa tisini, kazi ya miaka miwili, ya kukabidhi chuoni Jumatatu. Jumamosi asubuhi mfumo mpya ukaingia vizuri sana. Peke yake. Wa zamani haukuwepo, na tasnifu haikuwepo. Mpwa wangu hakulia. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akitazama ukuta, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilimpigia Mama Nakala. Akaniambia nizime na nisiguse kitu, kwa kuwa kila ninachobonyeza kinaandika juu ya kilichopotea. Alikuja na slipa za nyumbani. Alikaa mezani kwetu siku mbili akiokota vipande vya faili kama mtu anayechambua mchele. Mimi nilishika tochi, kazi ambayo haithaminiwi. Jumapili jioni kurasa themanini na nane zilikuwa zimerudi. Mbili zilizobaki mpwa wangu aliziandika upya kutoka kichwani. Alipouliza kilichotokea, Mama Nakala alinitazama kwanza.

"Diski imechoka, mwanangu. Hutokea."

Kisha akaweka mifumo yote miwili kwa robo saa, akaenda zake. Kiwandani hajalitaja hadi leo.

Mama Nakala, tunakushukuru kwa mikono yako, na zaidi kwa mdomo wako unaojua kujifunga. Afya isikuache, wajukuu wakuchoshe kwa kiasi, na simu zetu usizipokee kabla ya saa tatu.

Na wewe mpwa wangu, ambaye jarida hili hulisoma kabla yangu: diski haikuchoka. Kompyuta iliuliza, kufuta au kuweka kando. Wewe ulikuwa chumba hicho hicho unapiga pasi, miwani yangu ya kusomea ilikuwa mfukoni, nami niliona haya kuivaa mbele yako. Nikabonyeza jibu la juu.