Rael Asimame Kwanza

Sogeeni, wanangu, kaeni mahali ninapoweza kuwaona bila kuinua kichwa, na wewe Phelesia, mke wangu, usiwafukuze kwa kusema nimechoka, maana nimechoka tangu zamani na haya ninayotaka kusema hayangoji. Nitasema kwa Kiswahili kama tulivyozoea nyumbani humu, mimi Mkuria na mama yenu Mjaluo, asije mtu akadai hakuelewa.

Wangwe, shamba hili la Suna ni lako, na ni la dada yako Rael pia. Narudia, ni la Rael pia, na wazee walioketi hapo mlangoni wamesikia. Aolewe asiolewe, asiulizwe analima kwa ruhusa ya nani. Ng'ombe mgawane kwa amani, ila yule mweusi ni wa mama yenu.

Sasa sikilizeni habari ya marehemu mwanangu Susana, hasa wewe Wangwe uliyebaki na ng'ombe siku ile. Mnakumbuka desturi yetu: tukishavuna mahindi tulivaa nguo za kanisani, tukapanda basi kwenda Kendu Bay kwa wazazi wa mama yenu, na njiani tulishuka Homa Bay ili ninyi watoto mwone meli ikifunga gatini. Mwaka ule bendera yetu ilikuwa ndiyo kwanza imepandishwa. Mimi na mama yenu tulikuwa tukichagua ngege kwa wachuuzi wa samaki, na Rael alikuwa amemshika mdogo wake mkono kando ya barabara, kando kabisa, kwenye nyasi, gari la Javan lilipoacha njia likawafuata huko huko. Rael alitupwa upande. Susana hakusema neno tena. Rael alimwona Javan, huyu mwenye malori, akitoka kwenye usukani, na dereva wake akitoka kiti cha pembeni. Nilipofika mbio, wote wawili walikuwa wameshasimama nje, na Javan alinuka pombe mchana kweupe.

Mimi nilikuwa mtu wa habari. Majirani walikuja hapa jioni kusikiliza redio yangu, na gazeti likifika Migori niliwasomea kwa sauti, hata matangazo ya mbegu. Basi nikangoja gazeti liseme. Likasema, mistari michache chini ya picha ya fahali aliyeshinda maonyesho: mtoto alikimbia mbele ya gari, na Bwana Javan, mfanyabiashara mwenye huruma, akamkimbiza hospitali. Jina la Susana halikuwamo. Tangu siku hiyo sijamsomea mtu gazeti.

Kortini dereva aliapa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Nikamsimamisha Rael. Hakimu akamtazama kutoka kule juu, akaniuliza, "Mzee, huyu mtoto anajua kiapo ni nini?" Nikamjibu, "Muulize mwenyewe." Hakumuuliza. Kesi ikafutwa, ikasemwa kosa ni la marehemu. Mwanangu alihukumiwa akiwa kaburini, na aliyemuua akaenda kula chakula cha mchana. Nami siku ya bendera nililia kwa furaha, nikidhani sasa mkubwa na mdogo watapimwa sawa!

Kisha ndugu yangu Bichage akapokea mtamba kutoka kwa Javan, ati wa kufuta machozi, bila kuniuliza. Mtamba yule amezaa. Msichukue hata ndama mmoja kutoka zizi lile. Bichage ni baba yenu mdogo: mwamkieni, mpeni kiti, akiugua mpelekeni hospitali. Lakini maziwa yake msinywe.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Javan ni diwani sasa, naye atakuja mazikoni. Atakuja na dume la kuchinja, na atataka kuwaambia watu kwamba mimi Werema nilikuwa rafiki yake. Dume lirudishwe. Yeye msimfukuze. Wangwe, unanisikia? Usimguse, maana wakikufunga mama yako atabaki na nani? Mwacheni aketi. Ila kabla hajasimama, Rael asimame kwanza. Mwanangu, hapo hapatakuwa na hakimu wa kuuliza kama unajua kiapo. Sema mlisimama wapi, na nani alikuwa kwenye usukani. Kisha uketi. Usilie mbele yake.

Mchungaji amenibembeleza nisamehe. Ni mtu mwema, na aniombee. Lakini Javan hajawahi hata kulitamka jina la mtoto wangu, sasa nimsamehe nini? Asiseme mtu juu ya kaburi langu kwamba nilisamehe. Nizikeni kando ya Susana, na msiweke saruji.

Leteni vichwa vyenu. Phelesia, nishikie mkono uwafikie... siwezi kuuinua. Mungu awape umri mrefu. Awape watoto, na watoto hao wawazike ninyi, msiwazike wao. Wangwe, uwe mpole kwa mama yako. Msigombane... msigombanie udongo.

Rael. Uko wapi? Sema. Sema sasa, kama utakavyosema siku ile, nikusikie.

Kwa sauti, mwanangu.

Zaidi.

Eeh... hivyo. Hivyo hivyo.