Wenyeviti Wawili na Dagaa wa Bakhit

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, pumzi yangu fupi na maneno yangu marefu. Mahfoudh, kaa kuliani kwangu, Aflah, kushotoni, na wewe Masouda, kaa kati yao, wasije kaka zako wakashikana kabla sijafa.

Nyumba na mitende sisemi neno, kadhi atawagaieni kwa sheria. Linaloniondoa na kinyongo ni tenisi. Tangu tutoke Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, sijausikia mpira ukipigwa. Nikanunua kile kiwanja cha hapa Sidab, chini ya dirisha langu, nikakisawazisha, nikakwambieni undeni chama cha kuueneza mchezo Oman nzima, watoto wafunzwe, Muttrah ishindane na Nizwa. Mkaunda. Kikao cha kwanza mkala halwa, mkagombania uenyekiti. Cha pili mkala halwa, mkagombania muhuri. Cha tatu halwa ikabaki, maana kila mmoja keshatoka na chama chake, na vyote viwili ati ni vya taifa! Mahfoudh kaondoka na raketi, Aflah kaondoka na wavu na mipira, na sasa nchi imefunguka, skuli zinajengwa, watoto wanauliza tenisi ni kitu gani, nyie bado hamwamkiani.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Jirani yetu Bakhit kauona uwanja umelala, akaanika dagaa wa kulisha ng'ombe. Msimcheke. Kila asubuhi hufagia, hufukia mashimo, kisha hupiga hodi: "Mzee Harub, leo wanacheza? Nisianike?" Nami humjibu, "Anika, Bakhit, wamo kikaoni." Wallahi huona haya.

Basi shikeni neno langu. Hakuna wosia kwa mrithi, hilo mnalijua. Kwa hivyo kiwanja, nacho hakifiki hata ile thuluthi ya mali yangu niliyoruhusiwa kuusia, pamoja na uenyekiti, nnamwusia Bakhit. Usikohoe, Aflah! Tenisi haijui, kweli. Nyie mnaoijua mmemfunza nani? Sharti nililompa ni moja: siku mtakayocheza nyie wawili, aanue dagaa wake; msipocheza, aanike mpaka kiyama.

Na jeneza langu msiligombanie. Mahfoudh mbele, Aflah nyuma, na nusu ya njia mbadilishane upande, kama mchezoni.

Sauti inanikimbia... Masouda, fungua dirisha, mwambie Bakhit aanue. Nendeni, nyie wawili, na raketi zenu na wavu wenu. Radhi zangu nnazo hapa ulimini, nitazitoa nikisikia mpira.

Aaa... wavu unafungwa. Wanabishana. Waache, Masouda, wabishane...

Huyo! Huyo Aflah, kapiga. Na huyo Mahfoudh... Nje! Hiyo nje, mwanangu, nimeisikia imetua kwenye rundo la dagaa wa Bakhit...

Radhi, wanangu. Nimekupeni nyote, na Mungu akupeni zake. Chezeni... chezeni tu.

Masouda... usilifunge dirisha.