Mapigo Yaliyokataa Kushuka

Kwenye basi, binti alimwambia bibi aliyeketi naye kwamba anakwenda chuoni kuacha kozi ya afya na elimu ya viungo. “Baba anasema nitahitimu kupuliza filimbi tu.”

“Mimi niliisoma hiyohiyo, mjukuu wangu. Tulipimana mapigo ya moyo baada ya mbio. Ya mwenzangu yakakataa kushuka hata alipopumzika. Kumbe bado nimemshika mkono! Ndiye babu yenu, Mungu amrehemu.”

Mimi, mwanafunzi niliyeketi nyuma yao, kwa adabu ya bweni, nilijifanya nimelala ili nisikose neno.

“Na baba nimwambie nini, bibi?”

“Akipanda ngazi anahema?”

“Mno!”

“Mwanafunzi wako wa kwanza huyo.”

Basi likasimama langoni mwa chuo. Binti akainuka, akakaa, akainuka tena: zoezi safi kabisa, ila halikutuambia kama kozi anaiacha.