Shesherao Kokare: Miaka Thelathini na Minane, Ushindi Mmoja

Tarehe 30 Novemba 2019, Mzee Shesherao Kokare anakabidhi uenyekiti wa Chama cha Wachungaji na Wakulima, baada ya kukitumikia chama kwa miaka thelathini na minane. Katika muda huo amegombea ubunge wa jimbo mara saba na kushinda mara moja. Wanaotucheka na wacheke. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alijiunga mwaka 1981, akiwa bado anachunga kondoo wa baba yake. Kamati kuu yote ilienea ndani ya gari moja, na dereva hakuwa mwanachama. Alizunguka vijijini kwa miguu, blanketi begani, akila mkate wa mtama na pilipili popote alipokaribishwa. Hotuba zake zilikuwa ndefu, hilo hatumfichi. Mwaka 1999 alishinda kwa alama ya birika, picha inayowekwa kando ya jina la mgombea ili hata asiyesoma amtambue, na kijiji cha Borwadi, kilichompa kura zake zote, kikapata kisima na shule.

Chama kidogo hakina alama ya kudumu. Kila uchaguzi huomba upya. Mwaka 2004 mgombea mwingine naye aliomba birika. Ikapigwa bahati nasibu, birika likaenda kwake, sisi tukapewa cherehani. Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya kura. Mzee alikwenda mwenyewe kwenye vijiji alivyovitilia shaka. Borwadi, kwa kuwaamini, alituma karatasi tu ya kutangaza cherehani. Wanaojua kusoma huko ni wa kuhesabu, na mwalimu wao alikuwa ameitwa kusimamia kura kwingine.

Jioni ya siku ya kura, Bibi Thakubai wa Borwadi aliingia ofisini kwetu na furushi la mikate.

"Mwanangu, kazi tumeimaliza! Borwadi nzima birika! Hata kipofu wetu tulimshika kidole akabonyeza kitufe cha mashine ya kura."

Mzee aliinama akamgusa miguu. "Asante, mama. Mmenibeba."

Bibi alipoondoka, alitugeukia. "Atakayewaambia Borwadi wamekosea, atafute chama kingine. Kosa ni langu, sikwenda."

Tulishindwa kwa kura mia tatu na kumi. Borwadi walipiga mia sita. Wenzetu wa wilayani walipiga kelele kwamba Mzee amekiua chama kwa uzembe, naye akakubali mbele yao wote, bila kukitaja kijiji. Mimi niliumia, na nasema wazi kwamba mara mbili nilikaribia kuivunja amri yake. Hakurudi bungeni tena. Lakini kila uchaguzi uliofuata alianzia Borwadi, picha ya alama mpya mkononi, nyumba kwa nyumba.

Jumapili iliyopita, alipotangaza kustaafu, Bibi Thakubai alisimama. Sasa ana miaka tisini na mmoja.

"Shesherao, mwalimu alirudi kesho yake akatusomea ile karatasi. Tulijua, mwanangu. Ila wewe ulikuwa umeshatushukuru, tukaona haya kukuvunja moyo. Tukaapizana, asikwambie mtu."

Mzee alifunika uso kwa kilemba chake akalia, na kamati kuu nzima ikalia naye.

Mzee Kokare, ahsante kwa utumishi wako. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na siku nyingi za kuketi na watu mliositiriana.

Sulochana Pandhare
Katibu wa Ofisi