Neno la Kim Halikuniua

Sikilizeni, wanangu, na wewe Tabby mama yao, na wewe Mutahi ndugu yangu uliyetoka Kerugoya kuja kunizika kabla sijafa. Niinueni kidogo kwa mto, pumzi imebaki ya kuhesabika, na maneno niliyo nayo ni ya aibu, kwa hivyo mtu asinikatize.

Shamba hili la Kiganjo ligawanywe katikati, kahawa ya juu iwe ya Wangui, ya chini kule mtoni iwe ya Kim, na ng'ombe abaki wa mama yenu mpaka mikono imchoke kukamua. Mutahi, najua umesema Kim asipewe hata mche mmoja, ati mpaka achinje mbuzi na kupiga magoti mbele ya ukoo, akiri kwamba alimuua baba yake kwa mdomo. Hapana. Hakuna mbuzi atakayechinjwa.

Alichosema mnakijua wote. Nilimkuta kule madukani na wenzake, shule imewarudisha nyumbani kwa sababu ya mgomo, nikamvua kofia mbele yao na kumwita takataka, naye akanijibu watu wakisikia: "Si ukufe basi, tupumzike! Hata sitalia." Wiki haikuisha nikaanguka kwenye kahawa, na majirani wakapata la kusema. Ulimi hauna mfupa, lakini wa kijana wangu mliufanya panga.

Sasa aibu yangu ni hii. Mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari kule Nyeri aliniambia habari ya huu uvimbe wa ini tukiwa tunapanda mahindi, na Kim alisema neno lake tukiwa tunavuna. Nilijua. Nilinyamaza nisionekane mnyonge, na mlipoanza kumlaumu mtoto hapa hapa mbele yangu, yeye akinishikia beseni la kutapikia, bado nilinyamaza. Tena wacha niseme yote: nilifurahi kidogo. Lilikuwa limeniuma lile neno, nikaona acha naye aumie. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nikamlipizia kisasi mtoto wa miaka kumi na sita nikiwa nimelala chali. Naona haya hata kumtazama.

Kim, baba, wewe uliyebeba jina la baba yangu, kaa hapa kitandani. Laana hutoka kwa mzazi ikamshukia mtoto, haijawahi kupanda. Wazee wetu walijua hivyo, ni sisi tuliosahau kwa sababu tulitaka wa kulaumu. Hukuniua. Nisamehe kwa kukuacha uamini hivyo. Na yeyote atakayesema umeniua, ndani ya nyumba hii au njiani, nimemkataza, na neno la mtu anayekufa mnajua lilivyo zito.

Tabby, huyu Wangui bado anakuchekea na kukushika mkono, lakini zamu yake yaja. Siku moja atakwambia kitu kitakachokunyima usingizi. Mtoto akikunyea mkono, huukati. Usimjibu saa hiyo hiyo, usiite ukoo, usiende kumwaga machozi kwa majirani. Mwambie, "Hilo limeniuma," kwa sababu ni kweli, asifikiri mzazi ni mti, halafu mpakulie chakula kama kawaida. Hasira ikishuka, muulize ni nini kinachomsumbua. Mimi sikumuuliza Kim. Nilikuwa na miezi yote hiyo, tukila meza moja, nikingoja yeye ndiye aanze.

Mnizike... ngojeni... mnizike upande wa kahawa ya chini, bila hotuba ndefu. Mutahi, wewe hasa. Na Kim asimame na mama yake mbele, mtu asimsukume nyuma.

Maji. Wangui, keti wewe, alete Kim. Baraka ya kwetu ni ya mate, mzazi akimtemea mwana kifuani, na mdomo umekauka... Polepole. Inua kikombe kidogo. Basi. Inama. Fungua shati, hapo kifuani.

Ukipanda, kiote. Ukiita... uitikiwe. Upate mtoto, Kim. Afike umri wako huu, akujibu vibaya mbele ya watu... nawe uishi... uishi, baba, mpaka umwone amekuwa mtu mzima.